Kuzongea tepu gongo la golikipa

Mwulize fundi baiskeli yeyote wa Sakina, hapa Arusha, anaufanyia nini usukani, atakujibu anaufunga tepu. Kwa baiskeli, neno linatosha. Lakini golikipa wa mpira wa magongo wa barafuni kazi yake yote ni kutofungwa, na ukimwambia afunge gongo lake hajui kama anatumwa bao, fundo au kabati. (Gongo nalo lina harufu yake, ila timu yetu ya taifa ilicheza mpira wa magongo, ule wa uwanjani, kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Jina libaki.)

Arusha hatuna barafu ya kuchezea, na theluji ya Meru ikianguka haikawii kuyeyuka. Uwanja wa jirani ni wa Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005, ambako Ice Lions wa Kenya walijifunzia mchezo huu. Neno basi tunalihitaji.

Mtazame tena fundi wetu, safari hii akiwa na ukanda wa tyubu kuukuu. Anaanza chini, anauvuta kwa dole gumba, na kila mzunguko unalalia nusu ya uliotangulia. Mwisho anauchomeka chini ya mzunguko wa juu. Hakuna fundo popote. Huko ndiko kuzonga. Siku hizi tunalisikia zaidi refa anapozongwa na wachezaji, lakini hata wao si wamemzunguka?

Golikipa huzongea tepu ya kitambaa kwenye ubapa, kuanzia kisiginoni hadi nchani, ili kile kisahani kigumu cha mpira kisiteleze. Juu ya ubapa kuna sehemu pana ya mpini; hiyo naiita kafi, maana mvuvi akiiona hataiita vingine. Kwenye mpini wenyewe, wengi husokota tepu ikawa kama kamba, wakaipandisha kwa kuizungusha, kisha wakaifunika kwa tepu nyingine. Yanabaki matuta ambayo mkono unayahisi hata ndani ya glavu nene.

Kileleni kuna kifundo. Kanuni za ligi ya NHL zinadai kiwe cha tepu nyeupe, au kitu kingine kilichoidhinishwa, unene usiopungua milimita 13 hivi. Gongo likidondoka, kifundo huinua ncha ya mpini juu ya barafu, vidole vikapata pa kupenya. Kwa mtu wa Arusha neno la kwanza kumjia lingekuwa kirungu, nami nililipenda, hadi nilipokumbuka kwamba kichwa cha rungu huchongwa pamoja na mpini wake. Kifundo hiki hujengwa, mzongo juu ya mzongo.

Na tepu iandikwe tepu. Utepe tumwachie mgeni rasmi, wa kukata siku ya uzinduzi.