Kitabu cha Mwisho Kilivyosakwa Thika

Wageni wengi huijua Thika kupitia The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley kilichotoka 1959. Mimi niliyeuza vitabu vya mtumba Thika na Ruiru nashikilia kwamba historia ya usomaji wa miji hii iko kwingine. Iko chini ya magodoro ya wasichana wa shule za bweni.

Mama zao walisoma riwaya za mapenzi za Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908. Kisha, kuanzia 1977, Macmillan ikaleta riwaya za Pacesetters, na wapenzi wakapata majina ya Kiafrika. Kila kitabu kilikuwa hadithi kamili, kwa hiyo biashara ilikuwa nyepesi: msichana analeta alichomaliza, anaongeza pesa kidogo, anachukua kingine. Siku za kufungua shule ndizo tulizovuna. Riwaya iliingia bwenini imevalishwa jalada la kitabu cha Biolojia, na mwalimu wa zamu akifanya msako, ilihamia godoro la jirani.

Mifululizo ndiyo iliyobadilisha mambo. Kiera Cass, Mmarekani, alitoa The Selection mwaka 2012: wasichana 35 wanashindania kuolewa na mwana wa mfalme wa nchi ya kubuni, Illéa. Vikafuata The Elite, The One na The Heir, na mwaka 2016 kikaja cha tano na cha mwisho, The Crown. Robota za mtumba zilituletea cha kwanza kwa wingi. Cha mwisho kilikuwa adimu kama mvua ya Januari, na sababu naiona wazi: wanaoanza mfululizo ni wengi, na aliyeufikisha mwisho hakigawi kitabu chake. Kukinunua kipya nako kulikuwa mzigo, kwa kuwa sheria ya VAT ya 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Nakala moja ya The Crown iliyoingia bwenini ilikodishwa kwa vipande vya mkate, na haikurudi kwangu kubadilishwa.

"Auntie, cha mwisho kimefika?" Swali hilo nililisikia kila likizo, na nililipenda, maana aliyeuliza alikuwa amesoma vinne kwa Kiingereza bila kusukumwa na mtihani wowote. Walimu waliokuwa wakinyang'anya vitabu hivyo hawakuliona hilo.

Waliokipata walirudi kubishana mbele ya meza yangu. Katika The Crown, Eadlyn, binti mrithi, ndiye anayechagua miongoni mwa wavulana waliobaki kati ya 35, ila moyo wake unamwangukia Eikko, mkalimani wa mmoja wao. Wengine waliona ameshusha hadhi ya kiti cha enzi. Msichana mmoja wa Ruiru aliwapinga kwa nguvu: kanisani kwao mhubiri husema Kiingereza na mkalimani hugeuza kwa Kikuyu, na watu humtazama mkalimani. Nilikubaliana naye. Nilifurahi pia kwamba Eadlyn, akiwa malkia, anaamua kugawana mamlaka na wananchi wake. Hilo ni somo la uraia lililofika bila kulazimishwa.

Nao waliodhani mapenzi ya kifalme ni ya Ulaya tu niliwaambia habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyetoroka kwao mwaka 1866 kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Macho yaliwatoka. Wakaniuliza kitabu hicho kiko wapi, nami sikuwa nacho mezani.

Siku hizi wasomaji hao wanasoma kwenye simu, na meza nyingi za barabarani zimepungua vitabu. Wachapishaji wa Nairobi, wasichana hawa bado wanasoma. Waandikieni mfululizo wa Salme, wa usultani wa Pate, wa ufalme wa Buganda, na mkifika kitabu cha mwisho, kichapeni kwa wingi uleule wa cha kwanza.