Nani Alipaka Hiyo Tanki?

Wasee, siku hizi kila mwenye nduthi ni fundi wa rangi. Unatoa tanki, unaiegemeza kwa ndoo nyuma ya nyumba, msasa, undakoti, makopo mawili matatu ya sprei, kisha picha mtandaoni. Poa kabisa, tena naipenda hiyo. Kinachonikera ni maneno ya chini ya picha. Jina la mwenye nduthi liko, la dukani alikonunua rimu liko, la aliyepaka haliko. Na hii tabia haikuanza na sisi.

Anza na hilo kopo lenyewe. Zamani kunyunyiza rangi kulihitaji kompresa na bunduki ya rangi, vitu vya gereji. Kama huna, chukua brashi, na brashi inaacha mistari. Mwaka 1949, katika mji mdogo wa Sycamore, jimbo la Illinois, Marekani, jamaa anaitwa Ed Seymour alikuwa anauza rangi ya alumini ya radieta za kupasha nyumba joto. Alitaka njia rahisi ya kuwaonyesha wateja vile inakaa. Mke wake Bonnie ndiye alimwambia aiweke kwa kopo la kunyunyiza. Kampuni ikaitwa Seymour. Hebu shuka Kirinyaga Road uulize fundi yeyote Bonnie ni nani.

Sasa tuje kwa pikipiki. Captain America, ile ya filamu ya Easy Rider ya 1969, ndiyo ilifanya vijana wa nchi nyingi watake tanki yenye mchoro. Tanki imepakwa bendera ya Marekani, nyota juu ya buluu, mistari nyekundu na nyeupe. Hata kama hujaona filamu, pengine umeiona kwa tisheti ya mtumba. Kwenye hadithi, Peter Fonda anaficha ndani ya hiyo tanki pesa za kuuza dawa za kulevya. Bendera nje, doo chafu ndani. Mimi naona huo ndio utani mkali kuliko wote kwenye hiyo filamu.

Waliozitengeneza walikuwa wanaume wawili weusi wa Los Angeles. Cliff Vaughs alikuwa mwanaharakati wa haki za watu weusi, na aliwahi kuendesha chopa yake huko kusini mwa Marekani wakati ambapo mtu mweusi kufanya hivyo ilikuwa kujitafutia kifo. Yeye ndiye alisimamia mradi. Ben Hardy, fundi aliyeheshimika mtaani, ndiye aliziunda. Walianza na Harley-Davidson kuukuu zilizokuwa za polisi, zikanunuliwa mnadani. Yaani chuma cha polisi kiligeuzwa kuwa alama ya watu waliokuwa wanakimbia polisi!

Filamu ikatoka, ikaingiza mamilioni, na majina yao hayakuandikwa mwishoni. Kwa miaka mingi sifa ilibaki kwa Fonda. Jina la aliyeshika bunduki ya rangi ndilo halijulikani kabisa na wengi. Pikipiki moja iliharibiwa kwa ajili ya filamu, nyingine zikaibwa kabla haijatoka. Mwaka 2014 iliyodaiwa kuwa ndiyo yenyewe ikauzwa mnadani kwa dola milioni 1.35, na watu wakabishana vibaya kama ni halisi ama si halisi. Vaughs alikuwa bado hai wakati huo. Alifariki 2016.

Hapa kwetu pia tunajua rangi inavyofutwa. Sheria za Michuki zilipoingia 2004, mstari wa njano ukawa lazima kwa matatu na michoro mingi ikafunikwa. Muulize mzazi wako akutajie msanii mmoja tu wa zile gari. Atakutajia jina la gari.

Najua utasema, lakini mimi nilipaka mwenyewe nyumbani. Sawa, ila koti la mwisho je? Klia ya kopo la kawaida haistahimili petroli. Tone moja likimwagika kwa mdomo wa tanki, rangi inaanza kulainika. Inayoshika ni klia ya kuchanganywa na hadina, na hiyo hewa yake ni sumu kwa mapafu. Leso puani haisaidii kitu, unahitaji barakoa ya kazi yenye vichujio. Ndiyo maana wengi hupiga msasa na undakoti nyumbani wiki mbili, halafu wanapelekea fundi amalizie. Kazi yake inachukua saa chache, na ndiyo inayong'aa kwa picha.

Hapo ndipo jina lake linapotea. Kwa hivyo kabla hajamwaga klia, mpe kalamu ya rangi aandike jina lake karibu na kiti, herufi ndogo tu. Klia italifunika, na petroli haitalitoa.