Tembe za Tura na Zilzala

Msafiri wa zamani aliyetoka pwani, akaivuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali ambamo maji yalikuwa adimu, alipofika Tura alikuwa amekanyaga mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Na jina lenyewe, kwa tafsiri ya mpelelezi Mwingereza Burton aliyepita hapo pamoja na Speke mwaka 1857, ni amri ya kutua mzigo. Mbele ya mpagazi zilisimama tembe.

Tembe si banda. Ni nyumba ya pembe nne iliyouzunguka ua wa ng'ombe, kuta zake miti iliyokandikwa udongo, na paa lake bapa hubebwa na nguzo zenye panda, ambazo juu yake hulazwa boriti, kisha fito, kisha nyasi, kisha udongo, ambao masika yakiingia hunywa maji ukazidi uzito. Mzigo wote, basi, uko kichwani. Na hasimu wa nguzo ni mchwa, alaye ndani ilhali gome lingali zima, hata fundi hana budi kuigonga kwa kisogo cha shoka asikilize mlio.

Tura imekaa katika uwanda ulio baina ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, lakini hakuna uwanda ulioandikiwa amani ya daima: tarehe 13 Desemba 1910, Wadachi wakiwa bado wanaisukuma reli iliyofika Tabora mwaka 1912, zilzala ya ukubwa wa 7.4 ilipiga upande wa Rukwa. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera, kwa ukubwa wa 5.9 tu, kuta za matofali zisizo na mkanda wa zege wala nondo zikaporomoka kwa maelfu, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa muda.

Kwa rai yangu, mjenzi wa tembe alikuwa na fadhila moja juu yetu: mifupa ya nyumba yake ilikaa wazi hadi siku ya kukandika, kila jirani akaiona. Sisi humwaga zege asubuhi, na jioni hakuna ajuaye kama ringi za nondo zilikaribiana au kama ncha zake zilikunjwa kuelekea ndani. Basi ewe unayejenga, mwite mkaguzi nondo zingali zaonekana, na lori la kokoto lisubiri.