Nani Atashika Fimbo Baada Yetu?

Leo tutazame wahamiaji wa Poland walioishi Scranton, Marekani, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Kanisa walilijenga kwa jasho lao, lakini hawakuwa na neno juu ya mali yake. Mwaka 1897 waligombana na askofu wao Mkatoliki, wakajenga jingine, wakamwita Padre Franciszek Hodur awachunge. Mwaka 1898 Roma ikamtenga.

Basi ni nani angewawekea mapadre wao mikono? Mwaka 1904 sinodi ya mapadre na waumini wa kawaida ilimchagua Hodur awe askofu. Hata hivyo, kwa imani yao kura pekee haikutosha. Mwaka 1907 alivuka bahari mpaka Utrecht, Uholanzi, akawekwa wakfu na maaskofu wa Wakatoliki wa Kale.

Kwa miaka 17 alikuwa askofu pekee wa kanisa hilo. Kama angalifariki, kundi lingalilazimika kutafuta mikono ng'ambo tena. Lakini mwaka 1924 aliwaweka wakfu maaskofu wanne, mmoja wao Leon Grochowski. Hodur alipofariki mwaka 1953, Grochowski aliishika fimbo, akaliongoza kanisa hadi 1969.

Sisi Waprotestanti hatuuhesabu urithi wa maaskofu kama wao. Hata hivyo Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu mafundisho yake. Je, katika ushirika wetu, ni kijana gani anayefundishwa leo? Ndugu, tusingoje siku ya mazishi ndipo tutafute mchungaji.