Usitupe Sensa ya Oksijeni ya Subaru Yako Kabla Usome Hii

Rada ni hii. Umenunua Subaru ya turbo, ukatoa egzosi ya kiwanda, fundi akakuchomelea daunpaipu mpya bila katalitiki, na sasa ukiingia mtaani hata watoto wa nasari wanajua ni wewe. Wiki mbili baadaye taa ya injini inawaka. Mafuta ya thao mbili hayakufikishi tena penye yalikuwa yanakufikisha. Fundi, bila hata kuguza skana, anakwambia: "Hiyo ni oksijeni sensa, leta doh."

Tulia kwanza. Anaweza kuwa sawa. Lakini pia inawezekana hiyo sensa ndio kitu pekee kwa hiyo ndai kinachosema ukweli.

Sensa hukaa ndani ya egzosi ikinusa oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuchomeka. Petroli huchomeka fiti ikiwa hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya mafuta. Oksijeni ikizidi, kompyuta inajua mafuta ni kidogo, inaongeza. Ikipungua, inapunguza mafuta. Sasa fikiria daunpaipu yako iko na kitobo penye ilichomelewa, ama gasketi ya heda imekula moto. Hewa ya nje inaingia hapo, sensa inaiona, kompyuta inadhani injini inakosa mafuta. Inamwaga. Plagi zinakuwa nyeusi, egzosi inanuka petroli, na wewe unalaumu sensa. Ukiweka mpya, itaona ile hewa tu na kuripoti vilevile. Doh imeenda.

Kwa hivyo kabla ya duka la spea, tafuta uvujaji. Washa injini ikiwa baridi, asubuhi kabla chuma hakijatanuka, na usikize heda hadi daunpaipu. Mtu akizibe mdomo wa egzosi kidogo na kitambaa kinene. Penye inavuja patalia "tss tss". Angalia pia alama za masizi meusi kando ya gasketi na penye kumechomelewa. Kama ziko, shida ni welda, si sensa.

Ukiwa na skana, hata ile ndogo ya Bluetooth, cheki asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ama kupunguza. Ikiwa inaongeza zaidi ya 10 injini ikiwa imetulia, halafu inarudi karibu na sufuri ukikanyaga hadi 2,500, kuna hewa ya wizi mahali. Lakini ukipata kodi P0031, hiyo inahusu hita ya ndani ya sensa. Chomoa soketi, pima waya mbili za hita na mita. Hita nzima hukupa omu chache tu. Mita isipoonyesha kitu kabisa, hita imekufa na hapo sasa unanunua bila ubishi. Sensa haifanyi kazi mpaka ifike karibu nyuzi 300 za joto, na hita ndio huifikisha huko haraka.

Kununua ndio penye wasee wengi wanachomeka. Subaru nyingi za turbo ziko na sensa mbili: moja mbele na nyingine kwa daunpaipu. Kwa zile za miaka ya 2000 kuja huku, ya mbele mara nyingi ni aina pana, inayopima mchanganyiko wote kwa usahihi. Ya nyuma ni ya kawaida, inajua tu "mengi" ama "kidogo" na volti zake hucheza kati ya 0.1 na 0.9. Kwa macho zinafanana kama mapacha, na zote ziko na waya nne. Ukiweka ya nyuma mbele, kompyuta itasoma upuzi. Beba namba iliyoandikwa kwa sensa ya zamani, si jina la gari pekee, maanake injini yako pengine ilishabadilishwa na mwenye aliiuza kabla yako.

Ukipata ya kukata waya na kuunganisha, usifuate rangi kwa kubahatisha. Kwa Bosch, nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni athi. Kwa Denso, nyeusi mbili ndio hita, buluu ni ishara na nyeupe ni athi. Umeona hiyo noma? Nyeusi ya huyu si nyeusi ya yule. Na usitumie solda. Sensa nyingi hupumua hewa safi ya kulinganisha kupitia ndani ya waya zake, sasa ukijaza risasi umeiziba pua. Tumia viunganishi vya kubana.

Sasa kufunga. Kwanza chomoa betri. Acha injini iwe vuguvugu, si moto wa kuchoma ngozi. Chuma baridi kabisa hung'ang'ana. Nyunyizia thredi ya zamani mafuta ya kulainisha kutu, ngoja, kisha tumia soketi ya 22 yenye mkato wa kupitisha waya. Spana ya kawaida itakula kona na utaanza kutusi watu. Thredi ikitoka na vyuma, isafishe na tapu ya M18 kwa 1.5 kabla uweke mpya.

Sensa mpya nyingi huja na grisi kwa thredi tayari. Kama haina, paka kidogo kwa thredi pekee, na ile ncha yenye matundu usiguze na kitu chochote. Ingiza na mkono mpaka ikae, halafu kaza. Nyingi za saizi hii hukazwa karibu Nm 40, ila kitabu cha gari lako kikisema chini ya hapo, fuata kitabu. Waya ziwe mbali na heda na zisizunguke na sensa unapokaza.

Kama fundi anachomelea kiti kipya cha sensa, mwambie kikae upande wa juu wa paipu. Fikiria uso wa saa: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kikiangalia chini, maji ya asubuhi yatakaa kwa sensa na ile kauri ya ndani itapasuka ikipata moto. Na sensa itolewe kabla welda awashe mashine, tafadhali.

Vitu viwili huua sensa mpya haraka. Ya kwanza ni silikoni ya kawaida ya kuziba gasketi. Mvuke wake hufunika ncha. Ya pili ni mafuta ya ndege, ile avgas wasee wa mbio huchanganya ndio octane ipande. Iko na risasi, na risasi ilitolewa kwa petroli yetu tangu 2006.

Kwa nini nakusumbua hivi? Kwa sababu uongo wa upande ule mwingine ndio hatari. Sensa ikidanganya kwamba mafuta ni mengi, kompyuta inapunguza, inakumbuka hiyo hesabu, halafu wewe unakanyaga turbo ikiwa imejaa. Joto linapanda, injini inagonga, na pistoni za EJ zinajulikana kwa kupasuka penye ringi hukaa. Hapo hatubongi tena bei ya sensa, maze. Tunabonga injini.

Ukimaliza, futa kodi, washa, na uache ipate joto bila kukanyaga. Endesha polepole tanki moja, halafu cheki tena ile asilimia. Ikikaa ndani ya 5 juu ama chini, uko fiti. Ikipanda tena, rudi kwa welda na kile kitambaa.