Zawadi za Noeli na Kazi ya Mikono katika Katanga

Mwezi wa Desemba ukifika katika mji wetu wa Lubumbashi, mvua inanyesha, uyoga unauzwa kando ya barabara, na katika nyumba nyingi baba anaanza kuhesabu franka zake. Watoto wanangoja Noeli. Franka zisipotosha, baba anaona haya, na pengine anakawia makusudi kurudi nyumbani jioni. Wasomaji wapenzi, haya hiyo tunaiona kila mwaka katika mitaa yetu. Tunapenda kuuliza: imetoka wapi? Maana wazee wetu wa kale hawakuijua. Basi tutazame kidogo habari za nchi yetu.

Zamani sana, kabla ya reli na kabla ya makampuni, jina la Katanga lilijulikana mbali kwa sababu ya shaba. Mvua zilipokwisha na mtama ulipovunwa, watu walikwenda vilimani kuokota mawe ya kijani. Mafundi walijenga tanuru ndogo kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na mawe, wakavuta mivukuto. Shaba ilipoyeyuka, waliimimina iwe na umbo la msalaba. Kazi hiyo watu waliiita kula shaba. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza misioni ya Katanga tangu mwaka 1910, aliandika habari za hao wala shaba mwaka 1926, ili ufundi wao usisahauliwe.

Msalaba ule haukuwa ishara ya Bwana wetu, tusidanganyane. Ulikuwa mali. Kwa msalaba wa shaba watu walinunua, na kwa huo walitoa mahari. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, wakakuta misalaba ya shaba pamoja na wafu. Tazameni basi: kitu kilichofanywa kwa mikono kiliunganisha ukoo na ukoo, tena kilimsindikiza mpendwa mpaka kaburini. Nani angekidharau kwa sababu hakikutoka dukani?

Mwaka 1910 reli ilifika, na mji wa Élisabethville ukazaliwa. Mwaka 1911 tanuru kubwa la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba. Tangu hapo shaba ilikwenda Ulaya, na mjukuu wa fundi akawa mtu wa mshahara. Kampuni ilimpa nyumba, chakula, hospitali na shule ya watoto. Ndiyo maana watu waliisema Union Minière kuwa ni baba na mama. Wabelgiji nao walileta desturi ya kwao, ya Mtakatifu Nikola, ambaye sikukuu yake, tarehe 6 Desemba, ni siku ya watoto kupata vitu vya kuchezea. Polepole tulijifunza kwamba zawadi ni kitu kinachotoka kwa mkubwa, au kinachotoka dukani.

Lakini kampuni haiwezi kuwa baba. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa. Zilikuwa zimebaki siku 16 kufika Noeli. Mwaka ule watoto wa marehemu walipata zawadi gani?

Hata hivyo mikono haikulala. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mwaka 1911, walifundisha vijana ufundi wa mbao, wa chuma na wa kushona, kisha wakaendeleza kazi hiyo katika misioni ya Kafubu, karibu na mji. Wamama nao, katika nyumba zilizoitwa foyer social, walijifunza kushona na kufuma. Nguo ya mtoto ikakatwa katika kitenge cha mama, na kofia ya mtoto mchanga ikafumwa jioni baada ya bukari.

Elimu hiyo ilifaa sana siku za shida zilipokuja. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wananchi wa Zaïre; baadaye maduka mengi yalibaki matupu. Mwaka 1974 serikali iliondoa Noeli katika hesabu ya sikukuu za nchi. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama siku nyingine. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kukatazwa tangu mwaka 1972. Basi Noeli ilibaki na mahali pawili tu: kanisani na nyumbani. Serikali inaweza kufuta siku katika kalenda. Lakini ni nani atakayemkataza mama asimshonee mtoto wake?

Kisha mwezi wa Oktoba 1991 maduka ya Lubumbashi yaliporwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, iliyorithi kazi ya Union Minière, waliachishwa kazi na kupewa fedha mara moja. Fedha zilikwisha upesi. Hapo ndipo wababa wengi walipojifunza haya ile tuliyoitaja.

Ndugu wababa, watazameni watoto wenu wenyewe. Mtoto anaokota waya, anaukunja, anaufanya kuwa gari. Magurudumu anayakata katika kandambili za zamani au anatumia vizibo vya chupa. Anaweka fimbo ndefu yenye usukani, kisha anakimbia nalo barabarani kama dereva mkubwa. Dada yake anafunga kitambaa katika gunzi la mahindi, anambeba mwanasesere wake mgongoni. Watoto hao hawaoni haya hata kidogo.

Baba anayejua mbao na afanye kigoda kwa bibi. Mwenye kujua shaba na apige bamba kwa nyundo, kama mafundi wetu wa Lubumbashi wanavyofanya hata leo. Kitu cha duka hakimjui mtu. Lakini anayeshona lazima apime mabega ya mtoto, na anayefanya kigoda lazima akumbuke magoti ya bibi yanayouma. Kazi hiyo inamlazimisha mtu kuwafikiri watu wake saa nyingi, na kufikiri huko ni nusu ya zawadi.

Hatusemi kwamba kununua ni vibaya, wala kigoda hakilipi ada ya shule. Tena mwenye kunywa mshahara wake asijifiche nyuma ya gari la waya. Tunasema na yule asiye na kitu: una mikono. Mtakatifu Yosefu alikuwa seremala. Na Mtakatifu Fransisko, alipotaka watu wa Greccio waone umaskini wa Mtoto Yesu mwaka 1223, alitayarisha hori, nyasi, ng'ombe na punda tu, na watu walifurahi.

Majilio yana Dominika nne. Ya kwanza, chagueni mtu na kitu. Ya pili, tafuteni waya, mbao au kitambaa. Ya tatu, fanyeni kazi. Ya nne, malizeni, mkakifiche vizuri, maana watoto wana macho makali.