Idhini ya bodi ndiyo kinga ya mnunuzi wa shamba

Mnunuzi anayefika katika miteremko ya Murang'a huonyeshwa kwanza majani chai, mibuni na kijito kinachotiririka bondeni. Akishapendezwa, hupewa nakala ya hatimiliki na kuhimizwa alipe kabla mwingine hajamtangulia. Hata hivyo, nakala hiyo pekee haitoshi kumpa shamba.

Chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967, mauzo ya ardhi ya kilimo katika maeneo yanayosimamiwa na sheria hiyo huwa batili yasipoidhinishwa na bodi ya kudhibiti ardhi. Ombi la idhini huwasilishwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba kutiwa saini, na ni mahakama pekee inayoweza kuongeza muda huo.

Mauzo yakiwa batili, mnunuzi anaweza kudai fedha zake kama deni. Mahakama zimewahi kuwanusuru baadhi ya wanunuzi wasio na idhini, lakini baada ya kesi ndefu.

Bodi huzingatia iwapo mnunuzi ataitunza ardhi, iwapo tayari ana ardhi ya kutosha, iwapo bei inampunja mmoja wao na iwapo kugawanya shamba kutapunguza mazao. Asiye raia hapewi idhini ya kununua; Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Kabla ya kufika mbele ya bodi, mnunuzi hana budi kupekua sajili ya ardhi ili kumjua mwenye shamba na kubaini iwapo limewekwa rehani au zuio. Ikiwa mwenye jina ni marehemu, warithi sharti wakamilishe kwanza kesi ya mirathi mahakamani. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenzi huyo huhitajika kwa mali ya ndoa.

Mipaka nayo inataka uangalifu. Katika nchi ya milima, mashamba mengi ni vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka kwenye ukingo wa kilima hadi mtoni. Ramani ya sajili kwa kawaida huonyesha mipaka kwa makadirio tu, na ua wa miti unaweza kusogezwa. Mpimaji ardhi aliyesajiliwa ndiye wa kuthibitisha ekari, naye mnunuzi akague mwenyewe dalili za maporomoko, hasa wakati wa mvua ya masika.

Kwa desturi, mnunuzi hutoa amana ya asilimia 10 na kuzuia salio hadi idhini ipatikane. Kisha hulipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, na kuwasilisha hati za uhamisho. Shamba huwa lake siku jina lake linapoandikwa katika sajili, wala si siku anapomkabidhi muuzaji pesa.